Kesho Jumamosi: klasi na objekti, mje na daladala zenu kichwani

Habari za jioni wanakikundi. Kesho saa nne asubuhi tukutane maktaba, zile meza za nyuma. Tunarudia klasi na objekti kwa Java, ile lugha ya kuandikia programu, maana wengi wetu tumekwama hapo hapo.

Fikirieni daladala. Klasi ni mchoro tu: inasema kila daladala ina njia, viti na abiria, na inaweza kupakia na kushusha. Mchoro haubebi mtu. Ukiandika new Daladala("Mbagala", 30) ndipo gari moja, yaani objekti, linapatikana kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Andika tena, unapata la pili, lenye abiria wake. Ukipakia watu kwenye la kwanza, la pili halina habari.

Abiria tutawafungia kwa neno private, mtu asije akaandika abiria = 500 kutoka nje. Lazima apitie pakia(), nayo ikague viti kwanza. Mimi hapo ndipo somo liliponifungukia, na natamani sana kila mmoja wetu afike hapo kabla ya jaribio. (Wazo la klasi na objekti lina umri, jamani: lugha ya Simula ya Norwei ilikuwa nalo tangu miaka ya 1960.)

Asiye na kompyuta aniambie leo, tutakaa wawili wawili.