Mionzi ya kifua: uboho nao uchorwe kwenye mpango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linalowahusu wagonjwa wa saratani ya mapafu wanaotoka huku Tanga kufuata mionzi mbali, maana watu wanaongelea kutapika na nywele kunyonyoka basi, kumbe wengi kinachowakatishia dozi katikati ni damu.

Utasikia tu "damu imeshuka", mgonjwa anarudishwa chumbani alikopanga, anaambiwa aje wiki ijayo. Na huku Ngamiani jibu linakuwa moja, hajala vizuri, basi ni rozela, ni bitiruti, ni tembele asubuhi na jioni. Chakula ni muhimu sana sikatai, ila kinachoshuka pale mara nyingi ni chembe nyeupe, zile za kinga ya mwili, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, na hizo hazipandishwi na rozela. Zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa, na kwa mtu mzima uboho unaofanya kazi upo zaidi kwenye pingili za mgongo, mbavu, kidari, nyonga na fuvu. Sasa angalia wenyewe, pingili 12 ziko nyuma ya kifua, kidari mbele, mbavu kuzunguka kote, yaani ukipiga pafu mionzi umegusa na kiwanda cha damu. Ukiunganisha na dripu za kemo, yaani dawa za saratani, ndo kabisa.

Baba mdogo wangu alipangiwa grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi), zikagawanywa dozi 30, Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki 6, ambayo ndo kawaida pale uvimbe umesambaa kifuani na hauwezi kukatwa. Katikati chembe nyeupe zikashuka sana, mionzi ikasimamishwa. Hospitali yenyewe siitaji, shida yangu si watu. Daktari alitufungulia kompyuta tuone mpango, uvimbe umezungushiwa mstari mwekundu, mapafu, moyo, koo la chakula, na ugwe wa mgongo ule unaopita ndani ya pingili, kila kimoja na rangi yake na kiwango cha mionzi kisichotakiwa kuzidi. Mfupa wa pingili wenyewe haukuwa na mstari wowote. Nikauliza mbona huu umeachwa, akasema kwa mapafu huwa hawauchori.

Hapo ndo penye hoja yangu. Mashine za zamani zilipiga mbele na nyuma, mionzi inapita moja kwa moja kwenye kidari na mgongo. Za sasa zinapiga kutoka pande nyingi na kompyuta ndo inatafuta njia, uvimbe upate dozi kamili na viungo vingine vipate kidogo, lakini kompyuta inalinda kile tu kilichochorwa, kisichochorwa kwake ni mahali pa kupitishia mionzi tu. Na dozi ndogo inayotawanyika si ya kudharau kwa sababu zile chembe nyeupe zinazoitwa limfosaiti zinakufa kwa mionzi kidogo sana, na ndizo zinazosaidia mwili kupambana na saratani yenyewe. Tafiti za wagonjwa wa mapafu zimeonyesha kwamba pingili zikipata mionzi mingi zaidi damu inashuka zaidi, na wanaobaki na limfosaiti chache sana matokeo yao huwa mabaya zaidi. Kwenye saratani ya shingo ya kizazi wenzetu wameshajaribu kuukwepa uboho wa nyonga na chembe nyeupe zikashuka kwa wagonjwa wachache zaidi. Vituo vyetu vinatibu saratani hiyo kila siku, kwa hiyo wazo lenyewe si geni kwao.

Sisemi uvimbe upunguziwe dozi. Kama umeshikana na mgongo basi uvimbe kwanza, na ugwe, mapafu na moyo vinatangulia uboho. Ila pale penye nafasi ya kukwepa, ikwepwe, maana mionzi ikisimamishwa saratani nayo inapata muda wa kukua, hasara ni mara mbili. Na wale wanaodhani mionzi mingi ndo tiba nzuri, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2015 ulilinganisha grei 60 na 74, waliopewa 74 waliishi muda mfupi zaidi.

Kuna sindano za kupandisha chembe nyeupe, lakini kifua kikiwa kinapigwa mionzi na kemo kwa pamoja madaktari wanakuwa waangalifu nazo sana, kwa hiyo tusikae tukizitegemea, bora uboho ulindwe kabla.

Kwa familia, FBP, kile kipimo cha chembe zote za damu, ipimwe kila wiki na karatasi za majibu mzitunze zote, msiangalie wekundu wa damu peke yake. Mgonjwa akija nyumbani mapumziko, joto likifika 38 apelekwe hospitali ya Bombo usiku huohuo na mseme mlangoni kabisa kwamba yuko kwenye mionzi na kemo, msimpe panadol mkasubiri asubuhi.

Na siku ya kupanga mionzi, kabla dozi ya kwanza haijapigwa, mwombeni daktari kwa heshima awaambie kama pingili za mgongo zimechorwa na zitapata grei ngapi. Wizara nayo iliweke hili kwenye mwongozo ili lisitegemee ndugu anayejua kuuliza.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga