Yah: Malalamiko kuhusu sasisho la programu lililofuta ziada ya kulehemu na kutuharibia madirisha 64

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Nakuandikia kama msimamizi wa uzalishaji katika karakana inayotengeneza madirisha ya plastiki ya PVC. Tumekuwa wateja wenu kwa mwaka wa tatu sasa. Kuhusu jambo hili nimeshapiga simu mara nne na kuwasilisha malalamiko mara mbili kwenye mfumo wenu. Ya kwanza yalifungwa kwa jibu kwamba programu haina hitilafu yoyote. Sikubaliani na jibu hilo, na safari hii naeleza kwa kirefu ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

Tulipokea oda ya madirisha 64 ya jengo moja, yote ya aina moja: upana milimita 1,200, kimo 1,400, bawa moja linalofunguka, bila nguzo ya katikati. Vipimo viliingizwa ofisini mara moja tu. Kutoka hapo programu yenu ndiyo iliyoshika kazi. Ilipanga jinsi ya kukata mipau ya profaili, yaani vipande virefu vya PVC vinavyounda fremu na bawa, ili mabaki yawe machache, ikapeleka orodha kwenye msumeno wa vichwa viwili, ikachapisha stika yenye msimbopau ya kila kipande, ikatoa urefu wa vyuma vya kuimarisha vinavyoingia ndani ya profaili, na ikatuma vipimo vya vioo moja kwa moja kwa kiwanda cha vioo. Hakuna aliyeandika namba hata moja kwenye karatasi. Hicho ndicho tulichokinunua kwenu na sijutii kukinunua. Kabla yake mabaki ya profaili yalijaa kona nzima ya karakana, na makosa ya kunakili vipimo yalikuwa hayaishi.

Usiku wa kuamkia siku ya kukata, programu ilijisasisha yenyewe. Hatukuulizwa wala hatukuarifiwa. Asubuhi kioo cha kompyuta kilionekana vilevile, isipokuwa rangi ya vitufe.

Naomba nieleze ziada ya kulehemu, kwa sababu kijana wa kwanza niliyezungumza naye kwenye simu hakuwa anaijua, na simlaumu yeye, nawalaumu mliomweka pale. Profaili za PVC hukatwa vichwa kwa nyuzi 45, kisha vichwa viwili hubanwa kwenye bamba lenye joto la nyuzi 240 hivi za Selsiasi. Plastiki ikiyeyuka, bamba huondolewa na vichwa husukumwa vikutane. Katika kuyeyuka na kusukumwa huko kila kichwa hupoteza takriban milimita 3. Kwa mashine yetu ni 3 kamili. Tumelehemu fremu za majaribio na kuzipima hadi tukaridhika. Kwa hiyo kipande cha fremu ya 1,200 hukatwa 1,206. Hizo 6 ndizo ziada ya kulehemu, na zilikuwa zimekaa kwenye jedwali la profaili ndani ya programu tangu mafundi wenu walipotufungia mfumo, nasi tukiziona pale.

Sasisho lilizirudisha kuwa sifuri. Nadhani sifuri hiyo ilitoka kwenye jedwali la alumini, ambayo kona zake hubanwa kwa vipande vya pembe na hazipotezi kitu kwa moto. Kama sivyo, niambieni ilitoka wapi.

Msumeno ukapokea 1,200. Kijana anayeuendesha akatoa futi yake, akapima kipande cha kwanza: 1,200. Akatazama stika: 1,200. Akatazama oda: dirisha la 1,200. Kila alichokigusa kilimwambia kwamba yuko sahihi, akaendelea. Alikata vipande 512, yaani vinne vya fremu na vinne vya bawa kwa kila dirisha, kwa uangalifu ambao ningependa kila fundi awe nao.

Kwenye kulehemu na kuunganisha pia hakuna aliyeshtuka. Fremu ilipungua milimita 6, bawa nalo likapungua 6, kwa hiyo bawa lilikaa ndani ya fremu yake vizuri kabisa, mipira ya kuziba upepo ikagusana, kitasa kikafunga. Kama madirisha yale yangekuwa na nguzo ya katikati tungeshtuka saa ileile, kwa sababu nguzo zetu hufungwa kwa skrubu, hazilehemiwi, na ingekuja ndefu kuliko nafasi yake. Hayakuwa nayo.

Tulikuja kujua siku vioo vilipofika. Fundi wetu mkuu alilaza bawa la kwanza mezani, akaweka kioo, akachukua kabari ya milimita 5 ya kukiweka kioo katikati. Haikuingia. Akajaribu ya 3, haikuingia. Ya 2 ilipita kwa kubanwa. Akaziweka kabari chini bila kusema neno, akaenda kwenye fremu iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akapima upana wake kutoka ukingo hadi ukingo. 1,194. Akapima tena kwa futi nyingine. Kufikia mchana tulikuwa tumepima zote 64 na zote zilikuwa na upungufu uleule, upana na kimo.

Vioo havikuwa na kosa. Programu ilivihesabu kwa kipimo cha dirisha lililokamilika, na kiwanda kikakata sawasawa. Ni vioo vya tabaka mbili vilivyoimarishwa kwa joto, na kioo cha namna hiyo hakikatwi tena. Ukijaribu kukikata kinasambaratika chote. PVC iliyokwisha kulehemiwa nayo hairefushwi. Zaidi ya mita 330 za profaili ya fremu peke yake, bila kuhesabu mabawa, vyuma na saa za watu, zimekuwa taka ya kusagwa.

Jibu lenu la pili kwa maandishi lilitushauri tutumie kabari nyembamba. Ushauri huo umeniudhi kuliko kosa lenyewe. Katika bawa linalofunguka, kabari ndizo zinazoupeleka uzito wa kioo upande wa bawaba ili bawa lisilegee na kushuka. Isitoshe, PVC hunywea kwa baridi kuliko kioo kwa mbali sana: joto likishuka nyuzi 10, mita moja ya PVC hupungua karibu milimita 0.8. Nafasi ya milimita 5 kila upande imewekwa kwa ajili hiyo, na ndiyo anayoitaka mtengenezaji wa profaili zetu. Mimi siwezi kumfungia mtu dirisha ambalo najua bawa lake litashuka au kioo chake kitabanwa, kisha nikajibu simu yake kwa kumwambia programu ilikuwa sahihi.

Sasa nifike kwenye kiini cha malalamiko yangu. Zamani fundi alikuwa akiandika 1,206 kwa penseli juu ya mpau. Hesabu ile ilipita kichwani mwake kila alipokata. Nyinyi mlituonyesha jinsi ya kuiondoa kichwani na kuiweka kwenye data, nasi tulikubali kwa moyo mmoja, kwa sababu kichwa huchoka na data haichoki. Lakini aliyeichukua hesabu ile ndiye anayepaswa kuilinda. Nyinyi mna uwezo wa kuingia usiku kubadilisha namba inayoendesha msumeno wangu, na mimi sina hata ukurasa wa kuniambia imebadilika. Nilipotaka kulinganisha jedwali la zamani na jipya, niligundua kwamba siwezi kulitoa jedwali letu nje ya programu yenu ila kwa kupiga picha ya skrini. Namba tulizozipata kwa fremu zetu za majaribio zimefungiwa kwenu.

Nataka mtulipe gharama za profaili, vyuma na kazi ya kutengeneza upya madirisha yote 64; hesabu kamili imeambatishwa pamoja na orodha ya kukatia ya kabla na baada ya sasisho, na stika moja iliyobanduliwa kwenye kipande chenyewe. Nataka sasisho lolote linalogusa majedwali ya profaili lisiingie kwenye kompyuta zetu hadi mtu wetu aliyepewa mamlaka alikubali, akiwa ameonyeshwa namba ya zamani na mpya zikiwa zimesimama pamoja. Nataka kila badiliko liache alama: lini, na nani, kutoka ngapi kwenda ngapi. Nataka tuweze kutoa majedwali yetu kama faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Na stika ya kila kipande ionyeshe vipimo viwili, cha kukatia na cha baada ya kulehemu. Kama ile stika ingesema „kata 1,200, fremu 1,194", yule kijana angesimamisha msumeno kwenye kipande cha kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo sijajibiwa kabisa, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Sasisho lile liligusa nini kingine? Tumekuta kwamba orodha ya mabaki yaliyo kwenye rafu imefutika, na hilo tumelirekebisha wenyewe. Je, vipimo vya matundu ya kutolea maji? Mahali pa kutoboa kwa ajili ya kitasa? Nahitaji orodha ya maandishi ya kila thamani iliyobadilika, iliyosainiwa na mtu anayewajibika kwa jambo hilo.

Naomba majibu ndani ya siku 14. Hadi hapo nimeikata kompyuta ya msumeno kutoka kwenye intaneti, na vipimo tunaviingiza kwa mkono, kimoja kimoja, fundi mkuu akisimama pembeni na futi. Tunatoa chini ya nusu ya tulichokuwa tukitoa kwa siku. Mwenye jengo bado anasubiri madirisha yake, na vioo vyake 64 vimesimama kwenye vichanja vyetu.

Wenu,

Msimamizi wa Uzalishaji