Mhariri, Kroatia sio mpira tu, kuna Igor Kuljerić

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na nafundisha kwaya parokiani huku Morogoro, na kilichonifanya niandike ni kwamba kila mkiitaja Kroatia basi ni mpira, Modrić hivi, Modrić vile, 2018 walivyofika fainali. Sawa, hata mi niliangalia. Ila kuna mtunzi wa muziki wa kule anaitwa Igor Kuljerić, sijawahi kukuta jina lake kwenye gazeti la Kiswahili, na jamani huyu mtu anatuhusu.

Kuljerić alizaliwa 1938 Šibenik, mji wa pwani ya bahari ya Adria, akasomea utunzi Zagreb, mji mkuu wao, kwa Stjepan Šulek, ambaye naye alikuwa mtunzi na mwongozaji wa okestra vilevile. Mwanafunzi akapita njia ya mwalimu, anatunga halafu anasimama mbele ya wanamuziki anaongoza mwenyewe. Watu wa kwaya wanajua uzito wa hilo. Mtunzi ambaye hajawahi kuongoza utamgundua tu, anaijaza mistari maneno mpaka hakuna pa kuvuta pumzi, anaipandisha soprano juu kabisa na kuisahau huko huko, besi anaizamisha mpaka inabaki mngurumo. Aliyewahi kuwatazama waimbaji usoni wakati sauti zinawaishia hakuandikii hivyo.

Kazi yake niipendayo kuliko zote ni rekwiemu ya mwaka 1996, yaani Misa ya wafu, ya waimbaji wa solo, kwaya na okestra. Alikuwa na miaka 58, na vita vya kwao vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu nyuma. Sasa sikia, hakutumia Kilatini. Alichukua Kislavoni cha kale cha kanisani, lugha ya wale mapadre wa pwani na visiwani waliokuwa na herufi zao wenyewe zinaitwa glagolitiki, wakisali Misa ya Kirumi kwa lugha hiyo karne na karne wakati Ulaya Magharibi karibu yote ni Kilatini. Papa Inosenti wa Nne alimruhusu rasmi askofu wa Senj, mji wa pwani hiyo, aitumie lugha hiyo mwaka 1248, na mwaka 1483 wakawa tayari wana misale yao, yaani kitabu cha sala za Misa, iliyochapwa kwa herufi hizo. Sisi Misa kwa Kiswahili tuliipata baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka elfu moja mia tisa sitini na kitu, bibi yangu alizeeka akiitikia Kilatini asichokielewa.

Ndio maana ile rekwiemu ilinishika. Mwaka jana tulimzika mwenzetu wa sauti ya pili, mvua inanyesha, tumesimama kaburini na karatasi za fotokopi za sol-fa, wino unachuruzika mpaka do na re hazisomeki, tukaendelea kwa kichwa, Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wiki hiyo hiyo usiku nikaiweka rekwiemu ya Kuljerić kwenye simu na earphone, lugha siijui hata neno, lakini maombi ni yaleyale, nikajua tunaimba kitu kimoja na wale watu, nikalia, sioni haya kusema.

Halafu kuna hili la marimba. Kuljerić ana kazi inaitwa Barocchiana, ni ya marimba, zile za mbao zinazopigwa kwa fimbo, pamoja na ala za nyuzi. Marimba! Hilo ni neno la Kibantu, mhariri. Wenzetu walioibiwa utumwani ndio waliobeba ufundi wake mpaka Amerika ya Kati, Guatemala wakaifanya ala ya taifa, viwanda vya Chicago vikaiwekea mabomba ya chuma chini ya mbao, Wajapani wakaiongezea ukubwa, mpaka inamfikia mtu wa Šibenik. Mabomba yale yanafanya kazi ileile ya vibuyu vinavyofungwa chini ya timbila, marimba za Wachopi pale Msumbiji, kuikuza sauti. Mpigaji anashika fimbo nne, mbili kila mkono, na kwa kuwa ubao ukiupiga sauti inakufa hapohapo, akitaka noti ndefu inabidi aupigepige haraka haraka bila kukoma mpaka sikio linasikia noti moja iliyonyooka. Mpigaji yeyote wa mbao zetu anakujua huko. Nasikitika vijana wangu wa kwaya wanadhani marimba ni ya kuchezea wageni hotelini.

Hata opera alitunga, mwaka 2003 jukwaa la Zagreb lilionyesha Shamba la Wanyama yake, hadithi ya George Orwell ambayo Kiswahili tunayo tangu 1967, kwa hiyo wasomaji wenu wakubwa wala hawatahitaji kuhadithiwa. Kuljerić alifariki Zagreb Aprili 2006, akiwa na miaka 68.

Ombi langu: ukurasa wenu wa burudani wa Jumapili, nusu tu, mwandikeni huyu mtu, na pembeni yake muwahoji wapigaji wa marimba wa hapa nchini, Wagogo na ilimba zao za vyuma na watu wa kusini na zile za mbao, wangali hai na wanajua mambo. Picha muweke kubwa ya mikono na fimbo. Mazoezi yetu ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, nitanunua nakala mbili, moja naibandika mlangoni pa chumba cha kwaya, nyingine nampelekea mjane wa yule mwenzetu.

Mwalimu wa kwaya,
Morogoro