Bati za marehemu zimenitoa kwenye orodha

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia alfajiri hii kabla watoto hawajaamka, kwa kuwa usiku kucha sikupata usingizi, na kila nilipotazama juu niliziona bati zile zile alizozitaja wifi yangu mbele ya mkutano wa kijiji. Sisemi kwamba amesema uongo. Bati ninazo, tena ishirini na nane. Lakini wifi anajua zilikotoka: marehemu mume wangu alizinunua kwa fedha za msimu wa mwaka 2017, kilo ya korosho ilipopita shilingi 4,000 mnadani na kila mwenye mikorosho akaezua makuti. Mikorosho ile leo anaokota yeye na kaka zake. Mimi nimebaki na paa, na paa haliliwi.

Taratibu za mpango wa kunusuru kaya maskini unazifahamu, kwa hiyo sitakuchosha. Mkutano ulinitaja, wawezeshaji wakaja na dodoso, wakauliza ukuta ni wa nini, paa ni la nini, usiku tunawasha nini, tunaishi wangapi. Nilijibu kila swali kwa ukweli, na la bati sikulificha. Majina yaliporudi, langu lilikuwamo. Maana yake kompyuta yenyewe, inayopima majibu ya dodoso, iliziona bati zangu ikazisamehe. Aliyeshindwa kuzisamehe ni wifi. Orodha iliposomwa ili wananchi waithibitishe, alisimama akasema, “Huyu ana bati, wapo wanaovujiwa.” Watu wakaguna, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno la kunitetea, na hakuna aliyenyoosha mkono. Hata mimi nilinyamaza. Mtu anaanzaje kueleza mbele ya kijiji kizima kwamba jana watoto wake walilala na uji?

Naomba nieleweke kwamba si fedha ninazolilia. Ninalima mihogo, msimu ukifika ninabangua korosho za watu, na wanangu watatu hawakosi shule hata siku moja, ingawa mpango unadai mahudhurio ya asilimia 80 tu. Ninacholilia ni neno lile, kutoka kwa mtu aliyekaa mkekani pamoja nami siku zote za msiba huku bati hizo hizo zikiwa juu yetu. Bila shaka malipo ya kila miezi miwili yangenisaidia, maana sare ya mdogo imekwisha kabisa, lakini hayo ni mengine.

Mtendaji ameniambia kwamba ninayo haki ya kupeleka malalamiko kwenye kamati. Juzi nilishika kalamu, nikaiweka, na sababu yake sijamwambia mtu. Mama mkwe anaishi kwangu tangu marehemu yu hai. Wawezeshaji walitufafanulia kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na yeye anakula chungu kimoja na wanangu. Ila kwenye karatasi za wifi, ambaye ni mlengwa wa siku nyingi, yaani analipwa na mpango huo huo, mama ameandikwa kwake. Siku ya dodoso mama alijibu mwenyewe kwamba yeye hapa ni mgeni, amekuja kusalimia wajukuu, kisha akanitazama, nami nikainamisha kichwa. Kwa hiyo niliposema kwamba nilijibu kila swali kwa ukweli, hilo moja nililiruka. Katika miaka yote hiyo wifi amemletea mama sukari nusu kilo, mara moja.

Nikilalamika, watarudi kutuhesabu upya. Je, niseme mama anakula wapi? Nikisema, wifi atapunguziwa au ataondolewa, na mama ataingia kaburini akiamini kwamba mimi ndiye niliyewagombanisha watoto wake. Nisiposema, nitakuwa ninadai haki kwa karatasi yenye uongo kama ya kwake. Wakati mwingine ninatamani niache yote yapite, na saa hiyo hiyo ninatamani mkutano uitishwe tena niinuke niseme.

Nishauri, Shangazi, ila usiniambie nisamehe, kwa kuwa hilo nimeshaambiwa na kila mtu.

Mwenye Bati,
Lindi