Kamera ndogo za Olympus XA zisitupwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji waliohifadhi kamera za zamani za filamu, hasa zile ndogo za Olympus XA, wasizitupe. Ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1979, kazi ya mbunifu Yoshihisa Maitani, ambaye badala ya mkoba na kifuniko cha lenzi aliweka mlango wa kuteleza unaoilinda lenzi na kuizuia kamera isifyatuke ovyo mfukoni. Hutumia filamu ya kawaida ya milimita 35, na mpigapicha mwenyewe hupima umbali na kuchagua uwazi wa lenzi, uhuru ambao ni nadra kuupata katika umbo dogo kiasi hicho. XA2 iliyofuata mwaka 1980 ina ngazi tatu tu za umbali, nami naona ndiyo inayomfaa anayeanza.

Kabla ya kuihukumu kamera hiyo kuwa mbovu, tafadhali badilisheni betri zake mbili ndogo za duara, kwani bila hizo haipigi picha kabisa, kisha mkague sponji za mlango wa nyuma, ambazo zikioza huingiza mwanga na kuharibu filamu.

Msomaji wako,
Tanga