Kaka, kapime kwanza

Kaka,

Ule ujumbe wa sauti uliotuma kwenye grupu la ukoo nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale ulipokohoa na wifi akasikika nyuma yako akisema "basi, inatosha." Nilianza kukujibu humo humo, nikafuta. Humo yumo shangazi, na wengine wakiona tu jina lako wanakimbilia kuandika amina. Nakuandikia hapa, mwenye kusoma asome.

Pole kwa sukari. Nasema kwa moyo wote. Uliposema daktari amekukuta nayo na wewe, nilikaa muda mrefu sijui nishike lipi. Lakini ukaendelea: kuna mzee amekupa mizizi, mwili umekuwa mwepesi, vidonge umeviweka kando. Ukamalizia, "Hata mama alipona Loliondo, anayebisha abishe."

Nabisha.

Wewe ndiye uliyekodi ile Noah mwaka 2011, kumpeleka mama na sukari yake kijijini Samunge, Loliondo, akanywe kikombe cha dawa cha Mchungaji Mwasapila. Mama alinisimulia safari nzima: vumbi la Engaresero, foleni ya magari isiyoonekana mwisho, wagonjwa waliotolewa wodini wakafia barabarani kabla ya kufika Samunge, na jinsi vikombe vya plastiki vilivyoletwa mpaka kwenye madirisha ya gari, ukinywa unageuza, unaondoka. Shilingi 500. Ukimwi, saratani, kisukari, pumu, vyote kikombe kimoja.

Hoja zako nazikumbuka. Ulisema tapeli gani anatoza mia tano. Sikusema Mchungaji Mwasapila ni tapeli, na hata leo, miaka kadhaa tangu afariki 2021, sisemi. Mtu anaweza kusema kile anachokiamini kabisa na bado akawa amekosea. Ukasema mbona mawaziri wamekwenda kunywa. Waziri akinywa tunajua kwamba waziri naye anaumwa, basi. Ukasema wataalamu wa serikali wamesema dawa haina madhara. Sawa, lakini chai ya rangi nayo haina madhara na haijawahi kutibu kisukari.

Iliyokushika zaidi ni ile ya ushuhuda. Fulani kapona, jirani yake fulani kapona. Kaka, anayetoa ushuhuda ni yule aliyerudi nyumbani akiwa na nguvu za kuongea. Aliyefia kwenye foleni hapewi kipaza sauti. Na hao waliorudi, nani aliwapima? Mtu hukimbilia tiba ya namna ile siku amezidiwa. Maradhi ya muda mrefu yanapanda na kushuka yenyewe. Ukienda siku yamepanda kabisa, kinachofuata mara nyingi ni kushuka, hata ungekunywa maji ya bomba. Halafu tukaambiwa dawa haifanyi kazi mpaka itoke mkononi mwa Mchungaji mwenyewe. Kwa hiyo ukipona ni kikombe, usipopona ni imani yako haba. Kikombe chenyewe hakiwezi kukosea.

Ndiyo maana nilikuuliza pale sebuleni: kitu gani kikitokea utakubali kwamba mama hajapona? Hukujibu. Ulicheka, ukawageukia akina baba mdogo ukasema, "Mnaona fikra tunduizi za chuo kikuu hizi?" Wakacheka wote. Nilikuwa nimeshika trei ya chai.

Hilo la kuchekwa nimeshalimeza. Nisiloweza kulimeza ni la asubuhi iliyofuata. Mama alikuwa ameamka usiku kucha kwenda msalani, jagi la maji lililojaa jioni lilikuwa tupu. Nikamchoma kidole kabla hajanywa chai. Mashine ikaandika 19.4, sukari iko juu mno. Nilikuonyesha. Hukuitazama hata sekunde. Uliichukua mkononi mwangu, ukaizima, ukaipandisha juu ya kabati ambako mama asingefika, ukasema: "Kupima ni kumjaribu Mungu."

Na mama akakutazama wewe, hakunitazama mimi. Wewe ni kifungua mimba, angefanyaje?

Insulini ilibaki kwenye mlango wa friji, pembeni ya chupa ya maziwa, mpaka ikapitwa na tarehe. Kidonda cha mguu kilianza Juni. Oktoba tukazika.

Sisemi kikombe kilimuua. Kikombe hakikumfanya lolote, na hicho ndicho ninachosema miaka yote. Wala sina hakika angeishi muda gani kwa sindano, alikuwa na sukari tangu mimi niko darasa la nne. Lakini alikuwa anatembea kwenda kanisani na kurudi, na sindano zilikuwepo, na namba ilikuwepo, ukaipandisha kabatini.

Unawaambia watu kwamba nilikimbilia Dar nikakuachia mgonjwa. Nilirudi kazini, Kaka, na ulijua. Hiyo insulini iliyoozea kwenye friji ilinunuliwa kwa mshahara gani? Nilipiga simu kila jioni, ukawa unapokea wewe, "mama amelala." Saa moja jioni amelala? Na kama ningebaki, ningefanya nini, nipigane na wewe mbele yake? Nilisema nilichokuwa nacho cha kusema. Shangazi ananiita mwenye moyo mgumu. Mwenye moyo mgumu ndiye aliyekuwa anauliza namba ngapi.

Sasa ni wewe. Wepesi wa mwili unaousema hauonyeshi chochote. Sukari inaweza kuwa juu mtu asihisi kitu, huku inakula macho na figo na miguu. Ile mizizi ukitaka kunywa kunywa, ila mwambie daktari kwamba unakunywa, na vidonge anza kuvimeza tena leo. Asubuhi kabla ya kula chochote, pima. Andika kwenye daftari, na tarehe. Fanya hivyo mwezi mzima, uone namba zinasema nini. Mashine nimemkabidhi mwanao, anakuja nayo Jumamosi, na wifi nimeshamwelekeza kwa simu namna ya kuweka vijiti. Damu itoe pembeni ya kidole, katikati panauma.

Na kabla ya kipimo cha kwanza, mwandikie wifi kwenye karatasi ni namba gani itakufanya ukubali. Yeye, si mimi. Najua mimi hutanipa.

Mdogo wako