Shogaangu, shati lile halikuwa na vifungo

Sheffield, Jumapili usiku

Shogaangu Zuhura,

Salamu nyingi, na za Bi Mkubwa, na za watoto, na za Maftaha akikanyaga tena hapo kwako. Mimi sijambo, mgongo tu, na baridi ya huku ambayo haina adabu. Haya, salamu zimekwisha, tuje kwenye ugomvi.

Miezi minne umenyamaza. Minne! Halafu Ijumaa nimo kwenye basi naenda zamu, simu inalia, naona sauti yako, moyo unanidunda nikidhani kuna msiba. Kumbe ni dakika sita za kunieleza kuwa kitabu nilichokupelekea, ile riwaya ya 1816 ya karani na mwana wa lodi, wanaume wawili wanaopendana, ni uongo mtupu na kimeishia kitoto. Dakika sita, na nyuma yako cherehani inakwenda. Hukuniuliza hata kama nimekula. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti.

Nimeamua kukujibu kwa kalamu, maana kwa simu unanikatiza.

Kwanza ahsante kwa kukisoma mpaka mwisho, kwa sababu mtu hachukii mwisho wa kitabu asichokimaliza. Unajua nilivyohangaika nacho. Jalada lile la vifua viwili wazi na farasi mmoja lisingepita salama mbele ya mama mkwe wako, ndiyo nikakivika karatasi ya kaki kama daftari la shule na kuandika juu "Hisabati, Darasa la Saba". Rukia ananiambia bibi alikifungua hata hivyo, akasoma kurasa mbili, akakirudisha kwenye mtoto wa meza kimya kimya. Ni kweli? Nitarudi hapo.

Nilipoandika "shogaangu" hapo juu nilisita kidogo, nikacheka. Bibi yangu alimwita jirani yake shoga miaka arobaini, na maana yake ilikuwa mwandani wake, mwanamke mwenzake wa kusemeshana siri uani. Leo ukilitamka neno hilo stendi ya matatu, watu wanageuka wakitafuta ni mwanamume gani. Neno ni lile lile, limebeba mzigo mwingine. Basi na hawa waandishi ninaowapenda wanateseka hapo hapo. Mtu wa 1816 atajiita nani? Neno la kitaalamu wanalolitumia Wazungu leo, "homosexual", lilibuniwa kwa Kijerumani na kuchapishwa mara ya kwanza 1869. Karne moja kabla ya huyo wa 1816, London walikuwa wakisema "molly", na kulikuwa na nyumba zao za kukutania. Moja ilivamiwa 1726, na watu watatu wakanyongwa mwaka huo huo. Mwandishi mvivu anamtia mhusika wake maneno ya jana asubuhi. Mwandishi mwema anamwacha mtu akose neno, amtazame mwenziwe, anyamaze, amimine chai. Mimi kurasa hizo za kukosa neno ndizo ninazozirudia.

Sasa, sura ya kumi na moja. Karani anamshika yule mwana wa lodi kifuani, anavuta, na vifungo vya shati vinaruka kimoja kimoja mpaka chini ya meza. Wewe, fundi uliyevisha nusu ya harusi za Kibokoni, ulipita hapo bila kusimama! Umelalamikia mapenzi, shati hukuliona!

Shati la mwanamume wa 1816 halikuwa wazi mbele mpaka chini. Lilikuwa na mpasuo kutoka shingoni hadi kifuani, basi, na kifungo kimoja au viwili kwenye kola. Lilivaliwa kwa kupitishwa kichwani. Halikukatwa mviringo hata pahali pamoja: mstatili wa badani, mstatili wa mkono, mraba wa kikwapa, kitambaa kisipotee hata kiraka. Ni kanzu, shogaangu! Kanzu ya kitani iliyoishia mapajani, na ncha zake zikapitishwa katikati ya miguu zikawa ndiyo chupi. Nililiona moja nyuma ya kioo cha makumbusho, nikasogeza pua mpaka mlinzi akakohoa. Chini ya mkono pale, kikwapa cha pembe nne, kile kile ambacho Bi Time alitufundisha barazani kwake, nawe ukanichoma sindano kidoleni ukasema nimejichoma mwenyewe. Mishono midogo ya mkono, kama mayai ya chawa. Nilisimama hapo nikaona haya, machozi yamenilenga kwa ajili ya kwapa la mzungu aliyekufa.

Kwa hiyo vifungo vingeruka kutoka wapi? Hapo ungekuwa na haki ya dakika sita zako. Na nikupe na nyingine ili usiseme natetea kila kitu: sura ya tatu karani anasugua kiberiti awashe mshumaa, na kiberiti cha kusugua kilianza kuuzwa 1827. Barua wanazotumiana zina stempu, na stempu zilikuja 1840. Kabla ya hapo mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa, jambo ambalo lingekuwa tamu zaidi kwenye hadithi, mtu anatoa shilingi yake ya mwisho kununua barua ya mapenzi. Kwenye pesa walau hakukosea. Nilikuwa nikisoma mapato ya yule lodi nikamsikia marehemu babu akihesabu, pauni moja shilingi ishirini, na alivyokataa kuhesabu namna nyingine mpaka anaingia kaburini.

Lakini vifungo nasamehe. Kiberiti nasamehe. Nisichokisamehe ni riwaya ambayo hakuna anayeogopa. Nilisoma moja Ramadhani (usiniulize kwa nini Ramadhani, usiku wa nyumba ya wazee ni mrefu) ambamo wawili wanabusiana dirishani, taa inawaka, mwaka ni 1830 na kitu, na mjakazi anaingia na chai anatabasamu. Nikaifunga. Mwaka 1835, London, James Pratt na John Smith walikuwa kwenye chumba cha kupanga cha mtu mwingine. Mwenye nyumba na mkewe wakachungulia kwenye tundu la ufunguo. Tarehe 27 Novemba wakanyongwa mbele ya gereza la Newgate, wa mwisho Uingereza kunyongwa kwa kosa la mwanamume kulala na mwanamume, ingawa adhabu yenyewe ya kifo ilibaki sheriani mpaka 1861. Tundu la ufunguo, Zuhura. Mwandishi anayejua zama zake anamfanya mtu wake atundike koti juu ya kitasa kabla hajavua kofia, wala haelezi kwa nini. Mimi nikiona koti hilo najua niko mikononi mwa mtu wa kuaminika, hata akinipa vifungo mia. Na kitabu chako kina koti hilo. Sura ya saba. Rudia.

Tuje kwenye mwisho mwema, maana ndio uliokula dakika nne kati ya sita. Ulisema watu kama wale wakati ule walinyongwa au walifungwa, hawakuzeeka pamoja wakimwagilia maboga. Ulisema maboga kwa dharau kabisa.

Haya. Kutoka ninapokaa, kijiji cha Millthorpe si mbali, ni upande wa Derbyshire. Pale alikaa Edward Carpenter, mwandishi, msomi wa Cambridge aliyekuwa kasisi akaacha. Alilima mboga. Alishona ndara pia: rafiki yake alimtumia jozi kutoka Kashmir, akaifuatisha, akawa anawashonea watu, Waingereza wa watu ambao hawajui vidole vyao vinafananaje. Nilipenda hapo, nikakumbuka makubadhi ya babako. Mwaka 1891 huyo Carpenter alikutana na George Merrill, kijana wa mitaa ya kimaskini ya hapa hapa Sheffield, hana elimu ya darasani. Mwaka 1895 mwandishi Oscar Wilde akahukumiwa miaka miwili na kazi ngumu kwa mambo hayo hayo ya wanaume, nchi nzima ikasikia, na sheria iliyomfunga ikaendelea kuwepo. Na 1898, miaka mitatu tu baadaye, Merrill akahamia kwa Carpenter na vitu vyake. Walisemwa, 1909 kuna mtu alichapisha kijitabu kizima cha kuwashambulia. Wakakaa. Walikaa miaka thelathini, mmoja na mwenzake, mpaka Merrill akatangulia Januari 1928, na Carpenter akamfuata Juni 1929. Wako kaburi moja, Guildford.

Maboga sina uhakika nayo, lakini mboga zilikuwepo.

Na kuna tamu zaidi. Mwaka 1913 E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, alikwenda kuwatembelea, na Merrill, mtu asiye na soni, akampapasa kidogo juu ya makalio. Usicheke, ameeleza mwenyewe! Anasema mguso ule ulimpanda mgongoni ukawa riwaya. Ndiyo Maurice hiyo, aliimaliza 1914, akaifungia. Ilichapishwa 1971, yeye ameshakufa mwaka uliotangulia. Na unajua kwa nini aliona haichapishiki? Kwa sababu ya mwisho mwema. Aliandika kwamba lau angemaliza na kijana ananing'inia kitanzini mambo yangekuwa sawa. Taabu ni kwamba wapenzi wake wanaponyoka bila adhabu. Umeona sasa? Mwisho ule wa kunyongwa unaouita wa kweli ndio uliokuwa na ruhusa. Huu wa maboga ulikaa ndani zaidi ya miaka hamsini. Nilipolielewa hilo niliweka kitabu kifuani kwenye kiti cha zamu, mzee mmoja wa chumba cha tisa akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Na yule dada wa lodi, uliyesema ana akili ya mtu wa leo kwa kumhurumia nduguye. Mwaka 1810, huku huku Yorkshire, mkulima mmoja, Matthew Tomlinson, aliandika kwenye shajara yake, na shajara ipo kwenye maktaba ya Wakefield. Kulikuwa na daktari wa jeshi la majini aliyenyongwa kwa kosa hilo hilo, na mkulima huyu akajiuliza: ikiwa mtu ameumbwa hivyo tangu utotoni, vipi Mungu amuumbe na maumbile hayo halafu aamuru auawe kwa kuyafuata? Hakuwa mtu wa maandamano, na kama ni hiari ya mtu bado aliona adhabu inastahili. Alikuwa peke yake na wino wake, anakorogeka. Mkulima wa kijijini, 1810! Kwa hiyo dada huyo nimwache. Ninachomlaumu ni kwamba haogopi wala hakorogeki, anahurumia upesi mno. Hapo tunakubaliana, andika mahali.

Nilitaka kukwambia jambo jingine, nikaogopa kulisema kwa simu. Vifungu vile vya sheria yetu ya Kenya, 162 na wenzake, vinavyoharamisha mapenzi ya namna hii, waliotuletea ni hao hao wenye mashati ya kitani. Wao walianza kuvivua 1967. Sisi Mei 2019 mahakama kuu yetu ilisema vibaki, na kifungo chake cha miaka kumi na minne. Ninaposoma koti limetundikwa kwenye kitasa mimi siko 1816 peke yake, namfikiria mtu unayemjua na ninayemjua, na mlango wake wa bluu. Basi. Hili ulichome au ulimeze.

Usingizi umenijaa na mwandiko unateleza, kwa hiyo naomba unijibu haya, na usinijibu kwa sauti ya dakika sita. Mama mkwe alisoma kurasa gani mbili? Ikiwa ni sura ya kumi na moja, niambie nisije Mombasa mwaka huu. Rukia na lile deni wameelewana? Mlango wa bluu unafunguka, au bado? Unataka nikupelekee kingine, kizuri zaidi, cha mabaharia, au umeapa? Bi Time anakumbuka kukata kikwapa bila kupima, au macho yamemtoka kabisa?

Na hii ndiyo shida yangu hasa. Nikatie shati lile. La bafta, si lazima kitani, kitani ni ghali. Badani mistatili miwili, mikono miwili, vikwapa, mpasuo mpaka kifuani, kifungo kimoja cha kola. Ukimaliza, mvishe mumeo, mshike kifuani, vuta kama yule karani, halafu uniandikie kilichokatika ni nini. Kama ni uzi, bafta au mumeo.

Maftaha anarudi tarehe ngapi? Mwambie shati asilikunje kama leso.

Wako anayekusubiri,
Mwanaisha